Kesi ya jinai, wakili wa bure na nani anayemlipa: maswali ninayoulizwa Wete

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Wete, Pemba. Kabla ya kazi hii nilisomesha skuli. Si wakili, sivai joho, na kila anayekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu namwambia hivyo kabla hajaanza kunihadithia. Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudi kila wiki. Mengine yameulizwa kwa simu na jamaa walioko nje. Nimeyaweka kama yalivyokuja kwenye daftari, kwa hiyo usitafute mpango.

Mwanangu kakamatwa na mimi sina kitu. Serikali itampa wakili?

Inategemea kashtakiwa kwa lipi, mama. Kama ni kuua kwa makusudi, kesi itakwenda Mahkama Kuu, na desturi ni mahkama kumpangia wakili mshtakiwa asiyekuwa naye, kwa gharama ya serikali. Hapo utahangaika kwa mengine, lakini wakili atapatikana.

Kama ni wizi, kuvunja nyumba, kujeruhi, bangi, magendo ya karafuu, yaani zile kesi zinazojaza mahkama zetu za wilaya na mkoa, hali ni nyengine. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1976, na humo mna haki ya kupewa wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo. Na tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, Nambari 13 ya 2018, iliyoweka utaratibu wa kusajili watoa huduma na kututambua sisi wasaidizi wa sheria. Karatasi zipo, wala si chache. Ila siku ya kesi mahkamani, upande mmoja anasimama mwanasheria wa serikali kutoka ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, anayelipwa mshahara kila mwezi, na upande wa pili anasimama mwanao na kandambili zake.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: anaweza kupata, lakini mtu lazima amtafutie. Asingoje kuitwa.

Basi nikamtafutie wapi?

Kuna Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria, ambayo ni ya serikali. Kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, marehemu Profesa Haroub Othman akiwa miongoni mwa waasisi wake. Kina ofisi Unguja na tawi Chake Chake. Kuna jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, na kuna Chama cha Wanasheria Zanzibar, ambacho wanachama wake huchukua kesi za bure kwa hiari. Kisha kuna sisi wa wilayani. Anza na aliye karibu, maana nauli ya kutoka Micheweni mpaka Chake na kurudi, mara tatu, ni pesa ya kilo kadhaa za mchele.

Wakili wa bure analipwa na nani?

Swali hili huulizwa na watu wachache mno, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu huuliza "atanitetea vizuri?", "anamjua hakimu?", "ni mtu wa wapi?" Mimi hukuambia uulize mambo matatu mengine: analipwa na nani, analipwa kwa kufanya nini hasa, na malipo hayo yanakwisha lini. Ukiyajua hayo matatu, utajua una wakili wa kesi nzima au wa vikao viwili.

Kwetu kuna mifuko ya aina tatu. Wa kwanza ni wa mahkama, kwa zile kesi za kuua. Wakili hupewa malipo yaliyopangwa, na hayalingani hata kidogo na yale ambayo angemtoza mteja binafsi, kwa hiyo usishangae ukiona wanaopangiwa kesi hizi ni vijana walioanza kazi juzi. Wapo wazuri sana kati yao. Wapo pia wanaoliona jalada kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi.

Mfuko wa pili ni wa wakili mwenyewe, yaani anajitolea. Huyu hakutozi kitu, lakini naye ana watoto wa kuwasomesha, na siku ikigongana kesi yako na ya anayelipa, unajua atakwenda wapi.

Wa tatu ni ruzuku. Asasi inaandika mradi, mfadhili anakubali, mkataba unatiwa saini, pesa zinakuja kwa awamu. Sehemu kubwa ya msaada wa kisheria wilayani, na mimi nikiwamo, imekuwa ikiishi kwa njia hii kwa miaka. Legal Services Facility, mfuko wa kufadhili msaada wa kisheria ulioanzishwa 2011, umefadhili wasaidizi wa sheria katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Sina la kuwasema vibaya waliotufadhili, kwani bila wao meza hii isingekuwapo. Ninachosema ni kwamba mshtakiwa anatakiwa ajue kuwa wakili wake amefungwa na karatasi ambayo yeye mshtakiwa hajawahi kuiona.

Hiyo karatasi ina nini kinachonihusu mimi?

Ina tarehe ya mwisho. Ina idadi ya watu wa kuhudumiwa, wanawake wangapi, wanaume wangapi. Ina bajeti iliyogawanywa kwa mafungu: nauli, posho, karatasi, simu. Fungu la nauli likikwisha huwezi kuchota la karatasi bila ya kibali cha maandishi. Na ina ripoti ya kila robo mwaka.

Nikupe moja niliyoishuhudia. Kijana mmoja alishtakiwa kwa kuvunja ghala na kuiba magunia matatu ya karafuu kavu, msimu umeshakwisha na bei iko juu. Asasi moja ilimpatia wakili kutoka Unguja. Kila kesi ikiitwa, wakili analala ndani ya boti, anashuka asubuhi, anapanda gari mpaka mahkamani, na mara nyingi anaambiwa shahidi hakufika, kesi imeghairishwa. Anarudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusanya tiketi zake za boti na kuzibandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe, maana mfadhili anataka risiti isiyokunjwa. Ikafika tarehe ya mwisho ya mradi, mashahidi wawili bado hawajasikilizwa. Hakukuwa na ugomvi wala dharau. Mkataba ulikwisha tu, na kipengele cha kumalizia kesi zilizokwishafunguliwa hakikuwamo. Wakili akaandika barua ya kujitoa, yenye adabu zote.

Siku mwenye ghala aliposimama kutoa ushahidi, hakimu alimgeukia kijana: una swali lolote la kumuuliza shahidi? Kijana akamwangalia yule mzee muda mrefu, kisha akauliza, "Kwani mzee wewe hunijui mimi?" Basi. Hilo ndilo swali lake pekee. Mzee akajibu anamjua, na hakimu akaandika. Kumbe utetezi wote wa wakili ulijengwa juu ya giza, kwamba usiku ule mzee asingeweza kumtambua mtu. Kijana akaubomoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Katika ripoti yetu ya mwisho kijana yule alihesabiwa kama mtu aliyehudumiwa. Mimi ndiye niliyeijaza ile safu.

Tangu siku ile maoni yangu hayajabadilika: pesa ya kutetea kesi ya jinai isihesabiwe kwa mwaka wa fedha, ihesabiwe kwa kesi. Ukishamwambia mtu "tumekuchukua", pesa ya kumfikisha kwenye hukumu iwe imeshatengwa. Kama huna ya kumfikisha, usimchukue. Mwambie mapema, apange mengine.

Mradi ukikatika katikati, naweza kuishtaki asasi au mfadhili?

Kwa mkataba ule, hapana. Waliotia saini ni asasi na mfadhili, na wewe si mhusika wake, hata kama umeandikwa humo kama "mnufaika". Na mikataba mingi ya aina hii inasema ugomvi utamalizwa kwa usuluhishi, pengine kwa sheria za nchi ya mfadhili. Asasi zenyewe hazishtaki. Nani atamshtaki anayetarajia kumwomba tena mwakani? Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, asasi nyingi za nchi nyingi ziliamka zikiwa na mikataba halali mkononi na akaunti tupu.

Unachoweza kufanya ni kuiambia mahkama. Wakili akijitoa, mweleze hakimu kwamba umebaki peke yako bila ya kosa lako, na uombe muda wa kutafuta mwengine. Liseme mapema, kabla shahidi hajaapa, na uhakikishe limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Litakusaidia kwenye rufaa.

Shemeji yangu yuko London. Anasema kule wakili wa bure anakufuata mpaka kituo cha polisi. Sasa mbona mawakili wenyewe waligoma, na wanaishtaki serikali yao?

Shemeji yako hasemi uongo. Uingereza, tangu sheria yao ya polisi ya 1984, aliyekamatwa ana haki ya wakili wa zamu bila malipo pale kituoni, awe tajiri au maskini, usiku au mchana. Lakini huyo wakili wa zamu kwa kawaida si mwajiriwa wa serikali. Anatoka kwenye ofisi binafsi ya mawakili yenye mkataba na serikali, na hapo ndipo vita vyote vilipoanzia.

Wao wana mawakili wa aina mbili: solisita, anayekupokea polisi na kutayarisha kesi, na barista, anayesimama mahkamani. (Si yule barista wa kahawa, ingawa kwa malipo ya miaka ya mwanzo wengine walisema bora yule.) Kuanzia 2013 serikali ilitaka kupunguza gharama. Waziri wa Sheria wa wakati huo, Chris Grayling, akaja na mpango wa kupunguza ada za mawakili kwa asilimia 8.75, kisha nyengine 8.75, na kuzipunguza ofisi zenye mkataba wa kazi za zamu kutoka kiasi cha 1,600 hadi mikataba 527. Vyama vya masolisita vikaenda mahkamani. Septemba 2014 Mahkama Kuu ya kule ikasema mchakato wa kukusanya maoni haukuwa wa haki, kwa sababu serikali ilitegemea ripoti mbili za washauri bila ya kuwapa mawakili nafasi ya kuzijadili.

Serikali ikarudia mchakato na kutangaza zabuni. Matokeo yalipotoka 2015, waliokosa wakalalamika, na mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya wakala wa serikali wa msaada wa kisheria akasema hadharani kwamba waliosahihisha maombi ya zabuni walikuwa vibarua wasio na mafunzo ya kutosha. Fikiria: ofisi ya mawakili yenye miaka 30 inasahihishwa na mtu aliyeletwa wiki iliyopita. Kesi za kupinga zikafika 99. Januari 2016 waziri mpya, Michael Gove, akaufuta mpango mzima na kusimamisha lile punguzo la pili.

Hayakuishia hapo. Novemba 2021 tathmini huru iliyoongozwa na Christopher Bellamy ilipendekeza nyongeza ya angalau asilimia 15, yaani kiasi cha pauni milioni 135 kwa mwaka, ikisema hicho ndicho kiwango cha chini cha kuanza kuuponya mfumo uliopuuzwa kwa miaka. Mabarista wakagoma kuanzia Juni 2022. Septemba mgomo ukawa wa moja kwa moja, na waliurudia ukumbi wa mahkama Oktoba 2022 baada ya kupata hiyo asilimia 15. Masolisita walipewa pungufu. Chama chao kikashtaki, na Januari 2024 mahkama ikasema uamuzi wa serikali haukuwa na mantiki, kwani haikufanya uchunguzi wa kujua kama kiasi kile kingetosha kuuokoa mfumo. Desemba 2024 serikali mpya ikatangaza nyongeza inayoweza kufika pauni milioni 92 kwa mwaka.

Mwambie shemeji hivyo: kule wakili anakufuata polisi kwa sababu kuna watu wamepigana miaka kumi juu ya nani amlipe.

Sasa hayo ya Uingereza yanatuhusu nini sisi wa Pemba?

Kuna jambo moja linanivutia. Hakuna jaji kule aliyesema "walipeni kiasi hiki". Walichosema ni kwamba ukitaka kuamua juu ya pesa ya utetezi, onesha hesabu zako, wape wahusika ripoti, na jiulize kama kiasi hicho kinatosha kuifanya kazi. Hilo unaweza kulidai bila ya kuwa nchi tajiri. Kila bajeti ya Serikali ya Mapinduzi inaanza Julai, na inasomwa Baraza la Wawakilishi. Mwakilishi wa jimbo lako anaweza kusimama na kuuliza fungu la msaada wa kisheria ni shilingi ngapi, na ngapi kati yake ni za kesi za jinai. Mimi nimewahi kumwandikia wangu. Alinijibu kwa heshima kwamba ataulizia barabara kwanza.

Na jengine, dogo. Aprili 2025 ule wakala wa Uingereza wa msaada wa kisheria uligundua umedukuliwa, na taarifa za waombaji wa miaka mingi zikachukuliwa, pamoja na za watu waliokuwa na kesi za jinai. Mawakili wakashindwa hata kutuma madai yao ya malipo kwenye mtandao. Daftari langu halidukuliwi, ila panya walishakula kona moja. Hata hivyo tangu habari ile siandiki tena jina la mteja na kosa lake kwenye ukurasa mmoja.

Mawakili wetu nao wagome?

Mgomo unahitaji watu wa kutosha. Mabarista walipokaa nyumbani, mahkama zilisimama. Wakili wa kujitolea akikaa nyumbani hapa, hakuna atakayetambua, maana kesi nyingi zinakwenda bila ya wakili tokea mwanzo.

Kwa nini aliyefanyiwa udhalilishaji ana asasi tatu nyuma yake, na aliyeshtakiwa hana hata mmoja?

Aliyeniuliza hivi alikuwa baba wa kijana aliyeshtakiwa, na alilia. Nitajibu taratibu.

Kwanza, aliyefanyiwa udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia kama ubakaji, kusimamiwa ni haki, na imepiganiwa sana visiwani humu. Miaka ya nyuma kesi hizi zilikuwa zikimalizwa uani, kwa wazee kupeana mikono na binti kuozeshwa. Mahkama maalumu za udhalilishaji zilizoanza 2021 zimekuja kwa sababu hiyo. Sitaki turudi uani.

Pili, pesa ndiyo inayochagua upande. Miradi mingi imeandikwa kwa ajili ya wanawake na watoto, na mfadhili anahesabu hao. Mwanamme wa miaka 22 aliyeshtakiwa hamo kwenye safu yoyote ya ripoti. Hakuna aliyeamua kumnyima wakili, ila pia hakuna aliyemwandikia.

Tatu, ofisi moja haiwezi kukaa pande zote mbili. Kama jana nilimpokea mama wa mtoto, leo siwezi kumpokea baba wa mshtakiwa. Ni mgongano wa maslahi, na nitakupeleka kwengine hata ukinuna.

Lakini sikiliza na hili, maana wanaharakati wenzangu hawalipendi. Mshtakiwa asiye na wakili anauliza maswali mwenyewe. Yaani mtoto wa miaka 11 anasimama pale, na anayemhoji ni yule yule ambaye mtoto anamtuhumu. Wakili wa upande wa utetezi, akiwa mtu wa adabu, anamkinga mtoto pia. Na hukumu iliyopatikana dhidi ya mtu aliyetetewa vizuri haiyumbi ikifika kwenye rufaa. Anayetaka watoto walindwe angetaka na utetezi ulipiwe.

Msaidizi wa sheria anaweza kufanya nini kwenye kesi ya jinai?

Hasimami kukutetea. Akikuambia anaweza, ondoka. Anakusomea hati ya mashtaka kwa lugha unayoifahamu, anakuandalia mambo ya dhamana (wadhamini, barua ya sheha, vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi), anawatafuta mashahidi wako, anamwendea wakili, na anakwenda kukuangalia Chuo cha Mafunzo. Kwetu gereza linaitwa hivyo, na mfungwa anaitwa mwanafunzi, jambo linalowachanganya sana jamaa kutoka Bara. "Mwanangu yuko chuoni." "Anasomea nini?"

Na huduma ni bure. Msaidizi akikuomba "ya maji" au "ya kumpooza fulani", njoo uniambie.

Nilikubali kosa ili yaishe haraka. Naweza kujitoa?

Wallahi hili ndilo linalonikosesha usingizi. Hakimu anasoma shitaka, anauliza umefahamu, kweli si kweli. Kijana amelala rumande siku kadhaa, rafiki yake wa humo ndani kamwambia ukikubali utapigwa faini utoke. Anasema "kweli". Kisha upande wa mashtaka unasoma maelezo ya kosa, anaulizwa tena, anasema "kweli" kwa mara ya pili, na mlango umefungwa. Aliyekubali mwenyewe, kwa kawaida, anabakia na rufaa ya adhabu peke yake. Inawezekana kusema kukubali kwenyewe kulikuwa na kasoro, kwamba hakuelewa, au maelezo yaliyosomwa hayaoneshi kosa, lakini hiyo ni kazi ya wakili hasa, si ya kwangu.

Nusu saa ya mtu wa sheria kabla ya kusomewa shitaka ina thamani kuliko wakili wa rufaa wa mwaka mzima. Na ni rahisi kuliko vyote kuilipia, kwani haihitaji boti wala hoteli. Ningekuwa mimi ndiye ninayegawa pesa, ningeanza na hiyo: mtu mmoja wa zamu kwenye kila mahkama ya wilaya, asubuhi tu.

Binamu yangu ni wakili Dar es Salaam. Aje anitetee?

Si moja kwa moja. Mawakili wa Bara na wa Zanzibar wana daftari tofauti la usajili, na mahkama zetu zina Jaji Mkuu wake. Aulize kwanza taratibu za kupata ruhusa. Kesi ikifika Mahkama ya Rufani ya Tanzania, hapo ni nyumba ya wote.

Nimeshahukumiwa. Kwenye rufaa nitapata wakili?

Muda wa rufaa ni mfupi na unaanza kukatika siku ya hukumu, kwa hiyo mwambie askari wa Chuo cha Mafunzo siku hiyo hiyo kwamba unataka kukata rufaa. Kwa Mahkama ya Rufani, kanuni zake za 2009 zinaruhusu mrufani kupangiwa wakili pale haki inapohitaji. Omba kwa maandishi.

Na Mahkama ya Afrika, si iko Arusha hapo?

Ipo, ile ya Haki za Binadamu na Watu, na ilisema maneno mazito. Novemba 2015, katika kesi ya mtu wa Bara aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ilisema Tanzania ilikiuka haki yake ya utetezi kwa kutompatia wakili wa bure, hata kama hakuomba, kwa kuwa kosa lilikuwa zito na adhabu yake kubwa. Hoja hiyo wakili wako anaweza kuitumia mbele ya mahkama yetu yoyote. Lakini Novemba 2019 serikali ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda kule moja kwa moja, kwa hiyo usipange safari ya Arusha.

Wakili niliyepewa hafiki mahkamani. Nimlalamikie wapi?

Kama kapangiwa na mahkama, mwambie mrajisi. Kama katoka kwenye asasi, iandikie asasi barua yenye tarehe za vikao alivyokosa, na ubaki na nakala. Chama cha Wanasheria nacho kinapokea malalamiko ya nidhamu. Ila kwanza mpigie simu. Mara mbili nimekuta wakili hakufika kwa sababu aliambiwa tarehe nyengine, na mara moja kwa sababu bahari ilichafuka na boti haikutoka.

Nikija kwako nije na nini?

Hati ya mashtaka, hata kama imeloa. Namba ya kesi, jina la mahkama na tarehe ijayo. Kama alikuwa na dhamana ya polisi, karatasi yake. Majina ya watu wawili waliokuwa na mshtakiwa siku ile, na wapi wanapatikana. Usije na watu wanane, chumba ni kidogo, na wanane wakizungumza pamoja mimi sisikii hata mmoja. Nafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa nafunga saa tano na nusu. Ukinikosa mwachie sheha karatasi, ila muambie asiikunje.